Ndege Aliyekula Mishumaa ya Kanisa



 Leo tutawasimulia jambo tulilolisoma tukiwa safarini, jambo lililotushangaza kwanza na kutuaibisha baadaye.

Basi tulilopanda liliharibika njiani. Wanaosafiri katika barabara zetu wanajua maana yake. Abiria hushuka, hutafuta kivuli, na kila mmoja huanza kumwuliza mwenzake vipuri vitatoka mji gani. Tulikaa chini ya mwembe kwa muda wa saa nne. Kijana mmoja aliyeketi karibu nasi, mwanafunzi wa chuo, alikuwa na jarida lililochakaa, kurasa zake za mwanzo zikiwa zimekwisha kung'oka. Alipochoka nalo akatuazima. Ndani yake tulikuta makala juu ya ndege. Sisi si wataalamu wa ndege. Twamjua kuku, kunguru na njiwa, na hao watatu wametutosha miaka yote. Lakini makala ile ilianza kwa habari ya kanisa, nasi tukavutwa. Tangu siku ile tumetafuta na kusoma mengine zaidi, na haya tunayowaeleza ndiyo tuliyoyapata.

Katika mwaka 1588, huko Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji, aliishi mmisionari Mreno wa Shirika la Wadominiko aliyeitwa João dos Santos. Padre huyo aliona jambo la ajabu katika kanisa lake. Ndege mdogo, wa rangi ya kahawia isiyopendeza wala kuchukiza, alikuwa akiingia ndani na kuidonoa mishumaa. Zamani zile mishumaa ya altare ilitengenezwa kwa nta ya nyuki. Ninyi makatekista mnakumbuka kuwa hata Mbiu ya Pasaka, katika maandishi yake ya Kilatini, humtaja nyuki na kazi yake inapousifu mshumaa wa usiku ule mtakatifu. Ndege yule hakuwa na habari na Pasaka. Alitaka nta, akaila.

Padre dos Santos angeweza kumfukuza kwa fimbo na mambo yakaishia hapo. Yeye aliangalia, akasikiliza yale ambayo wenyeji wa Sofala walimwambia, akayaandika: kwamba ndege huyo akikuta kiota cha nyuki huenda kuwatafuta watu, huwaita kwa kelele, huruka kutoka mti hadi mti akiwaongoza, mpaka awafikishe penye asali, nao wakiisha kurina, yeye hula nta iliyobaki. Kitabu chake kilichapwa huko Évora, Ureno, mwaka 1609. Ni zaidi ya miaka mia nne sasa.

Ndege huyo kwa Kiswahili huitwa mlembe. Wengine humwita tu ndege wa asali. Jina alilopewa na wataalamu ni neno moja la Kilatini linalotajwa mara mbili, Indicator indicator, yaani mwenye kuonyesha, mwenye kuonyesha. Kama kwamba waliompa jina hawakuridhika kulisema mara moja. Yeye ni mmoja wa ndege wachache sana duniani wanaoweza kula nta na kupata chakula ndani yake. Hula pia majana ya nyuki. Lakini kiota cha nyuki mara nyingi kimo ndani ya mti wenye tundu, na mlango wake ni mwembamba, na walinzi wake wana miiba. Mlembe anajua asali ilipo, ila hana shoka wala moto. Binadamu ana shoka na moto, ila hajui asali ilipo. Basi wawili hao wakapatana, na mapatano yao hayakuandikwa popote.

Hayo yote, wapendwa, mtu angeweza kuyaita hadithi za wawindaji. Na wengi waliyaita hivyo. Mwaka 1989 Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walitoa taarifa ya kazi yao kati ya Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Walikuwa wamefuatana na warina asali kwa muda mrefu na kuhesabu saa zao. Mrina asiye na ndege, katika nchi asiyoizoea, alitafuta kwa wastani wa karibu saa 9 kabla ya kupata kiota kimoja. Akiongozwa na ndege, alikipata baada ya saa 3 na kidogo. Tena waliona kwamba katika kila viota 100 vilivyopatikana, 96 ni vile ambavyo ndege asingeweza kuvifikia hata kidogo kama binadamu asingekuja na vyombo vyake na moto wake. Kumbe ndege naye anamhitaji mtu kweli kweli.

Mwaka 2016 ukaja ushahidi mwingine kutoka Hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Wayao wa huko wana sauti maalumu ya kumwita mlembe: hutetemesha ulimi, kisha humalizia kwa mguno mfupi kifuani. Walijifunza kwa baba zao, na baba zao kwa babu zao. Mtaalamu wa ndege Claire Spottiswoode na wenzake walifanya jaribio la kweli. Walitembea porini wakipiga sauti zilizonaswa kwenye kinasa sauti: mara mwito wa Wayao, mara maneno ya kawaida ya binadamu, mara sauti ya mnyama mwingine. Waliposikizisha sauti nyingine zile, ndege alikuja kuwaongoza katika safari 33 hivi kati ya 100. Waliposikizisha mwito wa Wayao, alikuja katika safari 66. Na nafasi ya kufikishwa hasa penye kiota ilipanda kutoka 16 hadi 54 katika mia.

Hebu tutulie hapa kidogo, kwa maana ni jambo kubwa. Tumezoea kumwita mbwa akaja, na ng'ombe akaja, kwa kuwa tumewafuga na kuwalisha. Mlembe hakufugwa na mtu. Hana zizi, hana tundu, hana mwenyewe. Ni ndege wa porini, huru kabisa, naye anajua kwamba sauti ile ina maana ya mtu mwenye shoka aliye tayari kufanya kazi pamoja naye.

Na bado hayo si ya mwisho. Hapa Tanzania, katika vilima vya Kidero karibu na Ziwa Eyasi, Wahadza nao humwita mlembe, lakini wao hupiga mluzi. Spottiswoode na mwanaanthropolojia Brian Wood, ambaye amefanya kazi na Wahadza kwa miaka mingi, walitaka kujua kama ndege wa Kidero angeuelewa mwito wa Wayao, na kama ndege wa Niassa angeuelewa mluzi wa Wahadza. Majibu yalichapishwa Desemba 2023. Ndege wa Kidero waliuitikia mluzi wa Wahadza zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao. Ndege wa Niassa waliuitikia mwito wa Wayao karibu mara mbili kuliko mluzi wa Wahadza. Maana yake ni kwamba ndege wa kila mahali amejifunza lugha ya majirani zake. Ni aina moja ya ndege, manyoya ni yale yale, lakini wa huku anasikia Kihadza na wa kule anasikia Kiyao, kama inavyotokea kwa watoto wetu wanaokulia mahali mbalimbali.

Na nani aliyemfundisha? Si mama yake. Mama mlembe hutaga mayai katika viota vya ndege wengine, kisha huenda zake. Kinda lake hulelewa na wageni, mara nyingi keremkerem, ambao hawajawahi kumwongoza mtu popote. Kinda huyo hamjui baba wala mama. Akikua hujifunza peke yake, kwa kusikiliza, kwamba sauti fulani ya binadamu ina heri ndani yake.

Sasa, wapendwa, tufike kwenye aibu yetu.

Miaka kadhaa iliyopita tulitembelea kigango kimoja kusini mwa Tanzania, upande wa Ruvuma. Baada ya Misa tuliketi na wazee chini ya mti kuzungumza juu ya paa la kanisa, maana upepo ulikuwa umechukua mabati kumi na mawili na michango haikutosha. Katikati ya maneno, juu ya mti ule, ndege akaanza kupiga kelele za mkwaruzo, mithili ya mtu anayetikisa kiberiti kilichojaa njiti. Mzee mmoja, katekista aliyestaafu, akainuka, akavua kofia yake, akasema, “Baba, niwie radhi. Huyu ananiita mimi.”

Watu wakacheka. Nasi, badala ya kumwuliza ni nani anayemwita na kwa nini, tukasema, “Mzee, mwambie asubiri, tuko kwenye mabati.” Watu wakacheka zaidi. Wakati ule tuliona kuwa ni utani mzuri. Mzee akaketi, akatazama mikono yake. Ndege aliendelea kuita kwa kitambo, akahamia mti wa pili, akarudi, akaita tena, halafu akaondoka.

Laiti tungaliishia hapo. Majuma machache baadaye tulipewa zamu ya kuhubiri katika redio, katika kipindi hiki hiki. Tulizungumza juu ya ushirikina. Hatukumtaja mzee yule kwa jina, lakini tulisema kwamba wapo wazee wetu, hata waliofundisha dini miaka arobaini, ambao bado wanaamini kwamba ndege wa porini huwaita kwa majina. Tulisema kwa sauti ya huruma, ile huruma ya mtu anayejiona amesimama juu. Kigango kizima kilisikia. Kila mtu pale alijua ni nani aliyesemwa.

Mzee aliendelea kuja kanisani. Hakuacha Misa wala hakukataa kutupa mkono. Ila tangu siku ile hakufungua tena kinywa chake katika kikao chochote. Sisi tulidhani ni uzee.

Ndiyo sababu chini ya mwembe ule, jarida mikononi, tuliisoma makala ile mara mbili. Mara ya kwanza ni kupoteza muda. Mara ya pili ni kujihesabia kosa. Mzee hakusema kwamba ndege ni mzimu, wala kwamba ametumwa na mizimu. Alisema ndege anamwita, na ndege alikuwa anamwita. Ushirikina tuliuweka sisi.

Labda wapo mtakaosema: mhubiri hawezi kujua kila kitu, hasa mambo ya porini. Ni kweli. Lakini Padre dos Santos naye alikuwa mgeni, tena aliyekuja kutoka mbali kuliko sisi, na aliwasikiliza wenyeji. Sisi tulizaliwa katika nchi ambayo mlembe huyu huruka juu ya vichwa vyetu, na hatukumwuliza mzee wetu hata swali moja.

Tulimkumbuka pia Erasto Mpemba, na wengi wenu mnaijua habari yake. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akaweka mchanganyiko wake ungali wa moto katika friji, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza kwa nini, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dokta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam kuwazungumzia wanafunzi. Darasa likacheka tena. Osborne hakucheka, alirudi chuoni, akaagiza jambo lile lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha habari yake pamoja. Wataalamu wangali wanabishana juu ya jambo lile mpaka leo, wengine wakilikubali na wengine wakilipinga kwa vipimo vyao. Lakini wanabishana na jina la kijana wa Kitanzania vinywani mwao, kwa sababu mtu mmoja katika chumba kile alipendelea kupima kuliko kucheka.

Katika Maandiko tunasoma habari za Balaamu, aliyempiga punda wake mara tatu kwa kuwa hakutaka kusonga mbele. Punda alikuwa amemwona malaika njiani. Nabii hakuwa amemwona. Tumewahi kuihubiri habari hiyo mara nyingi, na kila mara tulijiweka upande wa wale wanaomshangaa Balaamu.

Tukakusudia kwenda kumwona mzee. Tukiwa tunajiandaa, tukaona kwamba tunaweza kupata hata mahubiri mazuri kutoka kwa ndege huyu. Mnajua kilivyo kichwa cha mhubiri: kila akionacho hutaka kukifanya mfano. Tulikuwa tumesoma kwamba Wayao wakiisha kurina huliweka sega juu ya majani mabichi kwa ajili ya ndege, kama ujira wake. Tulikuwa tumesikia pia hadithi inayosimuliwa mahali pengi Afrika, kwamba mtu akila asali yote bila kumwachia ndege, safari ijayo ndege atampeleka kwa simba au kwa nyoka. Tukafurahi! Hapo kuna haki ya mfanyakazi, na adhabu ya mdhulumu, vyote katika ndege mmoja. Tukaanza kuandika.

Kisha tukasoma habari za Wahadza. Wao, kwa kawaida, hawamwachii ndege masega. Huyafukia, au huyachoma moto, ili ndege abaki na njaa aendelee kuwaongoza hadi kiota kingine. Na ndege wa Kidero hawajagoma. Wanakuja wakipigiwa mluzi. Tena wanaomchunguza mlembe hawajapata ushahidi wowote kwamba hulipiza kisasi. Tukafika pia penye habari ya kinda. Mwaka 2011 Spottiswoode na mwenzake walieleza walichokiona kwa kamera katika mashimo ya keremkerem huko Zambia. Kinda la mlembe huzaliwa kipofu, bila manyoya, likiwa na kulabu mbili kali kwenye ncha ya mdomo. Kwa kulabu hizo huwachoma makinda wa mwenye nyumba, gizani, mpaka wafe, ili alishwe peke yake. Kulabu hizo hupotea baadaye.

Tukaweka kalamu chini. Ndege aliyekuwa mtumishi mwema katika ukurasa wa kwanza alikuwa mwuaji katika ukurasa wa tatu. Wengine wangekata ukurasa wa tatu na kuendelea. Tunaungama kuwa tulifikiri hivyo. Lakini tulikwisha kumtendea mlembe neno la uongo mara moja kwa ajili ya mahubiri, na hatukuona vema kumtendea mara ya pili, hata kama safari hii uongo ungekuwa wa kumsifu. Mungu alimwumba jinsi alivyo, na hakuomba ushauri wetu juu ya mafundisho atakayotoa.

Tulikwenda kigangoni siku ya juma, bila kutangaza. Mzee tulimkuta anasuka mkeka nje ya nyumba.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Baba. Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele amina.”

Akaagiza kiti. Tukakataa kiti, tukakaa kwenye gogo. Tukamwambia tulilojia: kwamba siku ile ya mabati tulimkosea mbele ya watu, na redioni tukamkosea zaidi. Alinyamaza akiendelea kusuka safu mbili tatu. Halafu akasema, “Nilisikia, Baba. Redio ilikuwa ya mjukuu wangu. Yeye ndiye aliyeizima.”

Hakusema zaidi juu ya hilo, wala hakutuambia kuwa si kitu. Tulishukuru kwamba hakusema hivyo, kwa maana kilikuwa kitu.

Tukamsomea makala. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwenye habari ya Wahadza, akasema kila nchi na watu wake. Alituambia kuwa mwito wake alifundishwa na mjomba wake ng'ambo ya Ruvuma, akiwa mtoto wa miaka minane au tisa. Tukamwomba autoe. Aliweka ukindu chini, akatetemesha ulimi, akamalizia kwa mguno. Ndivyo hasa tulivyokuwa tumesoma, lakini tofauti ya kusoma na kusikia ni kubwa. Kifua chetu kilitetemeka.

Tukamwuliza juu ya simba. Akacheka kwa mara ya kwanza. “Hayo tunawaambia watoto, wasiwe walafi. Simba anakaa anapotaka. Lakini ukimfuata ndege macho yako yako juu, Baba. Aliye chini utamkanyaga tu.” Hatujawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo.

Habari ya Padre wa Sofala ilimpendeza kuliko zote. Akauliza kama mishumaa yetu ya siku hizi ina nta ya nyuki. Tukamwambia kuwa mingi hutengenezwa kwa mafuta ya taa yaliyogandishwa, au tuseme kwa jamaa yake mafuta hayo, yanayotoka ardhini. “Ndiyo maana,” akasema. “Nimefungua kanisa hili kila asubuhi kwa miaka mingi, na sijamkuta ndani hata siku moja.”

Kisha akatuambia jambo ambalo tulikuwa tumelisoma bila kulitilia maanani. Vijana hawaujui mwito. Sukari inauzwa dukani, na miti yenye matundu inakatwa kwa ajili ya mkaa. Katika sehemu nyingi ambako watu wameacha kurina asali porini, mlembe naye ameacha kuwaita. Huita asipoona mtu wa kumwitikia, kisha hunyamaza. Mzee alisema mwaka ule alikuwa amesikia mara mbili tu. Mara ya kwanza alikuwa na homa. Mara ya pili alitoka, lakini miguu haikufika.

Yule mjukuu aliyeizima redio alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Ni kijana wa miaka kumi na sita hivi. Tulimwuliza kama anaujua mwito wa babu yake. Alitazama chini, akasema kuwa shuleni wangemcheka.

Basi kwa kuwa kosa letu lilisemwa hapa, na masahihisho tumeyaleta hapa. Mzee wetu, popote uliposikiliza asubuhi hii, na wewe kijana uliyeshika redio: tulisema kwamba ndege haiti watu. Anaita. Tulisema kwamba anayemwitikia ni mshirikina. Si mshirikina, ni mrina asali. Na ninyi makatekista mliochukua maneno yetu ya siku ile mkayafundisha vigangoni, kama tunavyojua kwamba baadhi yenu mlifanya, twawaomba mrudi mkayaondoe kwa sauti ile ile mliyoyatamkia.

Tulipoaga, jua lilikuwa limeshuka. Mzee alitusindikiza hadi kwenye njia, akitembea polepole, mjukuu akimshika mkono. Alisema turudi mvua zikiisha, maua ya miombo yakiwa yamekwisha kutoa asali, siku ya Jumamosi ili kijana asikose shule. Gari tuliache kule barabarani, kwa sababu ndege haipendi injini. Atakwenda yeye hadi mti wa kwanza, na kutoka hapo kijana ataita, na sisi tutabeba moto. Shoka akatuambia tuje nalo wenyewe, maana la kwake limekwisha makali. Tumekwisha nunua. Mpini ameahidi kuuchonga yeye.